Mchawi Aliyebeba Mtoto

Anselm Kihombo alikufa kwa mara ya kumi na moja saa nne asubuhi, na kama ilivyo ada yake, alikufa akilalamika.

"Anakimbia!" alipiga kelele, akaivua kofia ya mchezo na kuibwaga mezani. "Mchawi gani anakimbia? Namwita uwanjani kiume, yeye anazima taa na kupanda darini. Huo ni woga, si uchawi!"

Upande wa pili wa kioo, Tarsila Ngalupia alibenua mdomo. Mara kumi na moja alikuwa ametazama jambo lile lile. Anselm anaingia mnarani kwa mlango mkubwa, upanga juu, akitaja jina lake na la baba yake, na wenzake watatu wanamfuata kama vifaranga. Mchawi, aitwaye Kilumbi, anamsikia tangu ngazi ya kwanza. Anazima taa, anafunga mlango nyuma yao, anajaza moshi ukumbini, kisha anapanda juu kungoja. Wenzake wanakohoa mpaka wanakwisha. Anselm, gizani, anapigana na pazia.

"Kalikata tena," alisema Polikarpo, mjaribu michezo wa karakana, mtu mnene mwenye sauti nyembamba. "Pazia lile lingekuwa na watoto, dada Tarsi, leo wangekuwa mayatima."

"Na atashinda rufaa kwamba pazia lilimwanza."

Wakacheka, lakini cheko la Tarsila lilikuwa na uchungu ndani yake. Kilichofanyika mle chumbani hakikuwa mchezo. Tangu mto Kilombero uanze kuvuka kingo zake kila Machi na kutorudi mpaka Juni, Ifakara ilikuwa imehamia juu ya nguzo, na waliobaki mabondeni waliokolewa kwa panzi, vyombo vya kuruka vyenye mapangaboi sita. Kila panzi lilibeba nahodha na wasaidizi watatu. Wasaidizi ndio walioshuka kwa kamba mpaka kwenye mapaa. Nahodha alibaki juu, akaamua: paa lipi kwanza, nani apande, nani aambiwe asubiri, na wakati gani wa kusema basi.

Kumpata mtu wa kuamua hivyo kulikuwa kumewashinda wakubwa. Mtihani wa karatasi ulifaulisha waliokariri. Mtihani wa mafuriko ya kuigiza ulifaulisha waliouzoea. Ndipo mtu mmoja akauliza: itakuwaje tukimweka mtahiniwa mbele ya adui anayefikiri, katika dunia ya hadithi ambayo hakuna aliyewahi kuikariri? Karakana ya Ngurumo, iliyokuwa ikitengenezea vijana michezo ya mapanga na mazimwi, ikapewa kazi. Mtahiniwa aingie mnarani na wenzake watatu, atoke na ufunguo wa lango la maji. Namna ya kuupata ni juu yake. Kinachomzuia ni mchawi.

Na mchawi alikuwa mikononi mwa Tarsila.

Mkurugenzi, Bwana Remigius, aliingia akipangusa miwani. Alikuwa na tabia ya kupangusa miwani kila alipotaka kusema jambo ambalo asingependa kuonana nalo uso kwa uso.

"Mama Egidia," alimwambia Tarsila, "huyu mchawi wako mkali mno."

"Si mkali, Mkurugenzi. Ana akili."

"Ndiyo hiyo. Mpunguzie."

"Nimpunguzie akili?"

"Kidogo. Wakati wangu mimi wachawi walikuwa na adabu. Anasimama katikati ya ukumbi, anatupa moto, unamkwepa, unamkaribia, unamchoma. Watu wanafurahi, wanakwenda nyumbani."

Tarsila alimjua vizuri mchawi huyo wa wakati wa Bwana Remigius. Alimdharau kama anavyodharauliwa mlinzi anayelala akikoroma getini. Mzee wa joho na ndevu, eti ana umri wa miaka mia tatu, ameusoma ulimwengu mzima, anaweza kuruka, anaweza kutoonekana, anaweza kumgeuza mtu kuwa chura. Halafu wakija wanne wenye visu anasimama kama nguzo ya umeme na kumtupia moto yule mmoja mwenye ngao. Siku zote yule mwenye ngao! Kwa nini asianze na mganga wao anayewatibu? Kwa nini asiondoke? Kwa sababu aliyemtengeneza alitaka mchezaji ajione hodari bila kuwa hodari. Ujinga wa adui ulikuwa peremende, na watu wazima wameota ndevu wakiinyonya.

"Tulishajaribu," alisema. "Kilumbi akiwa na akili zake zote, wamecheza watu sitini na hakushinda hata mmoja. Nikamkata nusu, wakashinda hamsini na wanane. Polikarpo alimshinda kwa mkono mmoja huku anakula chapati."

"Mbili," alisema Polikarpo.

"Kikosi cha uokoaji kinataka wafaulu wanne katika kumi," alisema Bwana Remigius. "Mtihani unaanza Jumatano. Na huyu kijana," alishusha sauti, akaelekeza kidevu kwenye kioo ambako Anselm alikuwa anajipepea kwa cheti chake mwenyewe, "mjomba wake ndiye mkuu wa kikosi. Sisemi kitu. Nasema tu."

"Mjomba wake anataka kumpeleka juu ya mapaa ya watu?"

"Nimesema sisemi kitu."

Tarsila alimtazama Kilumbi kwenye skrini, kakaa darini kwake akisubiri, bila haraka, bila hofu. Hapo ndipo alipoliona.

"Hashindi kwa akili," alisema polepole. "Anashinda kwa sababu hana cha kupoteza. Ukumbi ukijaa moshi, kwake ni sawa. Mnara ukiungua, ataondoka. Nani kati yetu anaweza kuishi hivyo? Sitampunguzia, Mkurugenzi. Nitamwongezea."

"Umwongezee nini tena, jamani?"

"Mtoto."

* * *

Akili ya mchezo haiandikwi kama barua, hujifunza kwa mwili wa mtu aliye hai. Unamvalisha fulana ya nyuzi, na nyuzi zinaandika mkono ulipokwenda na pia uamuzi uliotangulia: alipochoka aliacha nini, aliposhtuka alishika nini kwanza. Ghala la karakana lilikuwa na miili ya askari, wacheza ngoma na wapiga mieleka. Mzazi hakuwamo. Polikarpo alipewa mwanasesere ambebe, akambeba kama mfuko wa saruji uliochanika.

Kwa hiyo Tarsila aliivaa fulana yeye mwenyewe, akaenda nayo nyumbani Ijumaa mpaka Jumapili. Alipika nayo, akafua nayo, akalala mchana nayo. Egidia, wa miezi kumi na moja, alikuwa anaota meno, na mtoto anayeota meno hana siku ya mapumziko.

"Fulana gani hiyo inametameta kama altare ya Pasaka?" aliuliza mumewe, Fridolin, akimwogesha mtoto kwenye beseni.

"Ya kazini."

"Haya. Ya kazini." Akajifunga mdomo kwa kidole chenye povu, na Egidia akajaribu kukila.

Fridolin alikuwa mtahiniwa namba kumi na saba. Mkurugenzi alijua, kikosi kilijua, na mji mzima ulijua. Sharti lilikuwa moja: Tarsila asitamke neno juu ya mchawi nyumbani kwake, na mtihani ukiisha aweke saini kwamba hakuna mtahiniwa aliyemjua kabla adui wa mtihani wenyewe, si yule wa majaribio ya akina Anselm. Naye hakutamka. Hata usingizini alilala amefumba mdomo kama anayebeba maji.

Lakini kutaka alitaka, na asiyemwelewa ni yule asiyelala na mtu wa kamba. Fridolin alikuwa msaidizi mwaka wa sita. Aprili iliyopita rafiki yake Leodigar alishuka kwenye paa la ghala la mpunga, na kamba ikapanda peke yake. Fridolin ndiye aliyeivuta. Alirudi nyumbani, akakaa mlangoni, akavua viatu, akavivaa, akavivua tena. Tangu siku hiyo kila Machi ilipokaribia Tarsila alikuwa anahesabu wiki kama mtu aliyefungwa. Nahodha hashuki. Nahodha hukaa juu, anarudi, anakula chakula kikiwa moto. Hakuwahi kumwomba Mungu kitu kikubwa. Alikuwa anaomba mumewe apandishwe futi arobaini tu, kutoka kwenye kamba mpaka kwenye kiti.

"Unafikiri nitaweza?" Fridolin alimwuliza jioni ya Jumapili, mtoto amelala baina yao.

"Wewe humpigi mtu ovyo," alijibu. "Wewe unasikiliza. Utaweza."

Hilo halikuwa neno juu ya mchawi, bali neno juu ya mume, na alilisema kwa moyo mweupe.

* * *

Jumatano, Kilumbi aliamka akiwa mama.

Alikuwa mchawi yule yule, mwenye maneno yale yale ya kuua; na kwa kuwa kila neno la uchawi lilikula pumzi, alikuwa na pumzi thelathini, za kutosha kuwazika watahiniwa wote wa asubuhi hiyo. Ila sasa hakujaza moshi, maana mtoto angekohoa. Hakuchoma ngazi. Hakukimbilia darini akawaacha, maana darini palikuwa na baridi. Kabla ya kila neno alimhamisha mtoto kutoka nyonga ya kulia kwenda ya kushoto, akampigapiga mgongoni mara mbili, ndipo akanyoosha mkono. Ule muda mdogo ulikuwa mlango wa mtahiniwa. Hakuwa mjinga hata chembe. Alikuwa na shughuli, basi, kama wanawake wote aliowajua Tarsila.

Wa tatu kuingia alikuwa mama wa makamo, Skolastika Mlali, mpishi wa kikosi, ambaye vijana walikuwa wamemcheka kwenye foleni. Alisimama chini ya ngazi, akalaza upanga sakafuni.

"Huyo mtoto ana homa," alisema.

Kilumbi alinyoosha mkono, lakini hakutamka.

"Nakuuliza, mwenzangu. Tangu lini? Mbona hujampa maji?"

Walizungumza dakika ishirini. Mwisho Skolastika alikwenda kisimani na wenzake watatu, wakachota, wakaleta. Naye mchawi akamtupia ufunguo kwa mikono yake mwenyewe. Vijana waliomcheka wakaacha kucheka, wakaanza kusema kwamba amependelewa. Ndivyo walivyo watu hawa: ukishindwa ni mchawi, akishinda mwenzako ni upendeleo.

Anselm aliingia wa tisa. Safari hii aliliacha pazia. Alilikata kabati.

"Mtoto?" aliuliza alipovua kofia, jasho likimtiririka. "Mtoto yupi? Nilidhani ni mzigo."

"Alidhani ni mzigo," Polikarpo alirudia taratibu, kama mtu anayejifunza sala. "Mjomba wake aandikiwe hivyo hivyo, kwa herufi kubwa."

Kufika mtahiniwa wa kumi na sita, walikuwa wamefaulu sita. Bwana Remigius alitembea huku na huko akisugua viganja. Alishaanza kuwaeleza wageni wa kikosi jinsi yeye alivyofikiria kuweka mtoto. Tarsila alimwacha. Dharau nayo ina kiasi chake. Ukiimwaga yote kwa Remigius, kesho utakuwa mtupu.

Wa kumi na saba akaingia.

Fridolin hakupiga kelele. Aliwaacha wenzake mlangoni, akatangulia peke yake, akasimama karibu na mahali aliposimama Skolastika. Tarsila aliuegemea ubao wa kioo. Juu ya ngazi Kilumbi alijitokeza, mtoto kwenye nyonga ya kulia. Akamhamisha kushoto. Akampigapiga mara mbili.

Fridolin akaganda.

Alikaa hivyo kwa muda ambao Tarsila angeweza kuusema sawasawa, kwa sababu yeye mwenyewe hakupumua muda wote huo. Kisha mumewe akashusha upanga, na moyo wa Tarsila ukapanda. Sasa atauliza, alijisemea. Atauliza kuhusu homa. Muulize, baba Egidia.

Hakuuliza. Alirudi kwa wenzake, akawanong'oneza. Mmoja akaenda upande wa mashariki, akaanza kugonga vyungu. Wa pili akapanda ngazi taratibu, akionekana wazi. Wa tatu akashika mlango. Fridolin mwenyewe akatoka nje ya mnara, akatupa kamba, akapanda ukuta.

"Hee," alisema Polikarpo. "Shemeji anafanya nini?"

Tarsila alijua kabla hajaona. Alijua kwa sababu ingekuwa yeye, angefanya hivyo hivyo: kelele zikitoka mashariki na mtu akija kwa ngazi, mtoto huwekwa chini, nyuma, pembeni kushoto, mbali na mlango, na mama anageuza uso kule hatari inakotokea. Pembe ile ilikuwa chini ya dirisha. Kilumbi akamlaza mtoto pale, akageuka. Mkono ukaingia dirishani.

Fridolin alimtoa mtoto nje. Hakumkumbatia. Alimshika kwa mkono mmoja, kifuani kwa nguo, na chini yao palikuwa na mawe.

"Weka ufunguo chini, mama," alisema kwa upole. "Na mikono yako niione."

Mtoto alilia. Kilumbi alikuwa bado na pumzi zake zote thelathini. Neno moja lingemgandisha yule mwanamume ukutani na mtoto mkononi. Lilikuwepo, Tarsila alilipanga yeye mwenyewe. Mchawi aliyewazika watu sitini hakulijaribu. Alipiga magoti. Akausukuma ufunguo sakafuni kwa mikono miwili, kisha akaiacha mikono pale pale, wazi, kama mtu aliyesahau kwamba ni yake.

Dakika nne. Siku hiyo hakuna aliyekuwa ameshinda chini ya kumi na tano.

Chumba kililipuka kwa makelele. Wageni wa kikosi walisimama, wakapiga makofi, mmoja alisema, "Huyo ndiye nahodha! Hana mchezo!" Anselm akapiga mluzi wa wivu. Remigius alimpa mkono kila aliyekuwa karibu. Katikati ya shangwe Tarsila alihisi ubaridi kifuani, akatazama chini. Kilio cha yule mtoto wa taa na waya kilikuwa kimemtoa maziwa, na blauzi yake ilikuwa imelowa mbele za watu.

* * *

Alimkuta mumewe uani, kwenye matangi ya maji ya mvua, ananawa uso. Fridolin alimwona akafungua mikono. Tarsila akasimama hatua tatu nyuma.

"Ulimjua," alisema.

"Nani?"

"Usiniletee 'nani', baba Egidia."

Fridolin alijifuta kwa kiganja. Kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyefumwa akilamba sukari. "Nilimjua. Alipompigapiga mtoto tu nikasema, haa, mama Egidia huyo, wa nyumbani kabisa. Nusura nimwambie shikamoo."

"Na hukumwambia."

"Nilikumbuka kamba." Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Nilikumbuka kamba ya Leodigar ilivyokuwa nyepesi. Basi."

"Wenzako sita waliongea naye."

"Wenzangu sita hawakumjua. Walitafuta mlango kwa kupapasa. Mimi mlango nauona, nipapase ukuta wa nini?"

"Ulimtoa mtoto dirishani."

"Mtoto wa picha, jamani."

"Na mkono? Nao ulikuwa wa picha?"

Maji yalidondoka kwenye tangi. Fridolin alijibu kwa sauti ile ya usiku wanapokuwa wawili, sauti ambayo Tarsila aliipenda kuliko zote.

"Nikwambie kweli? Angekuwa mchawi mwingine yeyote nisingethubutu. Ningeogopa asije akakaidi, akatupa uchawi, mtoto akaanguka. Lakini wewe nakujua. Nilijua hutajaribu hata. Mkono wangu haukutetemeka hata kidogo, mama Egidia, kwa sababu ulikuwa wewe."

Aliyasema kama sifa. Aliyasema kama mtu anayemvalisha mkewe shanga shingoni na kurudi nyuma kidogo amtazame zilivyompendeza.

Asubuhi nzima Tarsila alikuwa na dharau ya kugawa. Alimgawia Anselm na pazia lake, akamgawia Remigius na miwani yake, akawagawia wachawi wote wa kale waliosimama kama nguzo. Sasa alitafuta kidogo ya kumpa mtu huyu, akakuta iko tele, ila miguu haikutaka kwenda. Mtu aliyemwogesha mtoto Ijumaa! Mtu aliyemwimbia! Na yeye mwenyewe je? Ni nani aliyemweka yule mtoto mle, ili wakubwa wapate wanne wao katika kumi? Alikuwa amemtafuta adui kitu cha kupoteza, akachukua cha kwake, akakiweka dirishani kabla Fridolin hajatupa kamba.

"Kamchukue Egidia kwenye chumba cha watoto," alisema. "Mimi nina karatasi ya kusaini."

"Halafu twende nyumbani?"

"Kamchukue, baba Egidia."

* * *

Bwana Remigius alikuwa ameshaifungua hati mezani, na kalamu ameiweka juu yake kiukarimu, kama kijiko juu ya sahani.

"Mumeo ametuheshimisha. Mkuu wa kikosi anamtaka kwenye panzi la kwanza. Weka saini, ukapumzike, naona umelowa."

Tarsila aliisoma. Ilikuwa mistari miwili: kwamba adui alipimwa kwa haki, na kwamba hakuna mtahiniwa aliyemjua kabla.

Hakukaa. Alijua akikaa atasaini. Akilini aliliona panzi juu ya paa. Nafasi za watu wanane, paani wapo kumi na wawili, na Fridolin kitini, mkavu, mzima. Akamwona akitazama chini na kuchagua. Angechagua haraka, haraka kuliko wote, walishapiga makofi. Angemtazama mama mwenye mtoto na kujua papo hapo kwamba huyu hatasumbua, huyu akiambiwa mtoe mtoto, wewe baki, atamtoa, atabaki, wala hatapiga kelele. Labda ndivyo nahodha anavyotakiwa kuwa. Labda wale wanane wangefika salama kwa sababu hiyo hiyo, na yeye Tarsila ni mpumbavu wa kutaka Skolastika kila mahali. Hakuwa na hakika. Alikuwa na hakika na ule mstari wa pili tu: ulikuwa uongo, na uongo wenyewe ulikuwa na umbo lake.

Akaishika kalamu, akaukata mstari, akaandika juu yake: *Mtahiniwa namba kumi na saba alimjua adui. Adui ni mimi.*

Remigius alisoma, akavua miwani. Safari hii hakuipangusa.

"Umerogwa?"

"Nilivaa fulana nyumbani kwangu mwenyewe. Kosa ni langu, liandike hivyo. Wale sita hawakumjua, ushindi wao ubaki."

"Utafukuzwa kazi, unajua?"

"Nifukuzeni. Ila kabla ya Jumatano ijayo mtafute mama mwingine, asiye na mtu kwenye orodha. Msimrudishie mchawi ule ujinga wa zamani. Skolastika amewaonyesha kwamba inawezekana."

"Namwongelea mumeo, wewe mwanamke!" Aliligonga neno la mwisho kana kwamba ni uchafu kwenye meza yake. "Kiti kilikuwa chake. Aprili atashuka. Kwa kamba. Wewe umemshusha, kwa mkono wako. Mke gani anafanya hivi?"

"Najua atashuka."

"Unajua!"

"Bwana Remigius," alisema, "nimeshasema najua. Usinifundishe kamba."

Akaiacha kalamu mezani, akatoka.

Jua la saa kumi lilikuwa limejaa uani. Fridolin alikuwa kando ya matangi, anamrusha Egidia juu na kumdaka, juu na kumdaka, na mtoto anacheka kile kicheko chake chenye meno mawili. Hakuwahi kumwangusha. Katika miezi kumi na moja hakuwahi hata kumkosakosa.

"Tayari?" aliita, uso umemng'aa. "Hebu niite nahodha. Mara moja tu, nisikie inavyolia."

Tarsila alimwendea mpaka karibu kabisa. Alinyoosha mikono, akampokea mtoto. Alipohakikisha amemshika vizuri, ndipo akamwambia.